King'ora cha Saa Nne

Mwanangu Rehema,

Zamani barua ilianza kwa kuulizana afya. Yako naijua: asubuhi nimekusikia jikoni ukiimba huku ukifunga vikombe kwa magazeti, na mtu anayeimba wakati anafunga vikombe hajambo. Yangu ni hii: nina furaha mpaka chakula cha mchana kimenishinda. Nimelifungua boksi la king'ora chako mara mbili, nimevihesabu vipande vyote, nimekirudisha kila kimoja kwenye shimo lake la karatasi ngumu, kisha nimelifungua tena kuona kama nilihesabu sawasawa. Barua hii nitaiweka juu ya kitabu cha maelekezo, si chini yake, kwa sababu vitabu hivyo nakujua huvisomi.

Sasa ni saa nane mchana, Alhamisi. Umekwenda na rafiki yako kuchukua lori la kukodi. Theluji ya mwisho bado imeegemea ukuta wa gereji, imechafuka kama jivu. Kuna wenzangu kazini ambao watoto wao wamehamia Texas, na mmoja mtoto wake yuko Japani. Wa kwangu anahamia Saint Paul, nusu saa kutoka hapa Apple Valley kama barabara haina barafu, na mimi nimekaa kuandika kama mtu anayeaga meli. Nicheke tu.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Una miaka ishirini na tatu na ndizi zako zinaiva vizuri kuliko zangu. Nataka kukueleza habari ya king'ora, kwa sababu labda ndicho kitu pekee ninachokijua kuliko wewe, na nimekijua kwa kukosea.

Unaikumbuka Jumamosi ile dukani? Yule mama muuzaji mwenye miwani alituuliza nyumba ina milango mingapi. Wewe ukasema miwili, mimi nikasema mitatu, kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Baba, ule wa chini ya nyumba hauhesabiwi," ukasema kwa Kiingereza chako cha haraka. "Haufunguki."

"Unafunguka. Niliufungua."

"Lini?"

"Siku tuliyokwenda kuiona nyumba. Wewe ulikuwa unapenda kabati."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Akakuambia, huyu usimwache nyumbani, mchukue uende naye.

Wewe ulitaka boksi dogo kuliko yote kwa sababu lilikuwa jeupe na zuri. Mimi nilitaka lile lenye macho manane, yale macho yanayohisi mtu akipita, utadhani unahamia benki. Tukachukua la katikati, na kila nikilifikiria nafurahi upya, maana safari hii nilijua la kuuliza. Mwenye nyumba wako hataki ukuta utobolewe, basi tumechukua lisilo na nyaya. Sumaku za milango zinabandikwa kwa gundi tu. Huna simu ya mezani, kwa hiyo lile linalopiga kwa waya wa simu lingekuwa kwako boksi la kelele na basi; tumechukua lenye kadi yake ya simu ndani. Lina betri ya akiba umeme ukikatika. Na kibao chake kinapokea namba za siri sita, za watu sita.

Hilo la mwisho wewe uliliona halina maana. "Nitaishi peke yangu, Baba. Sita za nini?"

Jibu nimelileta huku.

Kile chetu, kilichoko ukutani karibu na mlango wa mbele, nilikinunua peke yangu wiki tano baada ya mama yako kutuacha. Unajua hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa naanza kuisikia nyumba. Ngazi ikilia, nasimama. Nilikuwa nakagua mlango mara nne kabla ya kwenda shifti ya mchana kule Eagan, na nikifika ghalani, katikati ya maboksi, nakuona wewe peke yako jikoni na daftari zako. Nilijua kabisa kwamba kilichomchukua mama yako hakikupitia mlangoni. Lakini mlango ndicho kitu nilichoweza kukifunga kwa bisibisi.

Kabla sijafika kwenye kosa, nikukumbushe kitu cha mama yako. Unakumbuka alivyokuwa anataja saa? Hakutaja mara moja. Alisimama chini ya ngazi, kitambaa cha jikoni begani: "Rehema! Saa moja, seven! Basi hilo!" Akigeuka kwangu: "Baba Rehema, wamesema tufike saa kumi, four, na usivae vile viatu." Ulipokuwa mdogo ulidhani ni neno moja. Mwalimu wako alituita shuleni, amekaa na wasiwasi, akatuuliza "saambilieti" ni kitu gani, kwa sababu Rehema anasema shule inaanza saambilieti. Tulicheka mpaka kwenye gari. Saa mbili, eight.

Mimi nilikuwa nacheka tu. Sikuwahi kufikiri kwamba nusu ya kwanza ilikuwa yangu na ya pili ilikuwa yako, na kwamba yeye alikuwa amesimama katikati akimgawia kila mtu ya kwake.

Mama Swaleh naye alitujia kwa mkono wa mama yako. Alimpelekea gauni la kupunguza kiuno, akarudi na gauni halijapunguzwa lakini amepata rafiki. Mmoja Mpare wa kwaya, mwingine Mmombasa wa swala tano, na wakikaa jikoni kwetu mimi nilikuwa sipati nafasi hata ya kusema nina njaa. Mama yako alimpa ufunguo. Baada ya msiba, kila Alhamisi alifunga duka lake la kushonea mapema, akaja saa kumi na nusu, mimi niko kazini na wewe uko chuoni, akaacha mbaazi za nazi jikoni na mahamri kwenye kitambaa. Hakuacha hata karatasi. Tulijua amekuja kwa sababu vikombe vyote tulivyoviacha kwenye sinki tulivikuta vimeoshwa, vimegeuzwa midomo chini.

Basi ile Jumatano jioni. King'ora kilikuwa tayari ukutani, nami nilikuwa najiona fundi. Kilikuwa na uwezo wa kujiwasha chenyewe kila siku kwa saa utakayokiambia. Mchana nilitaka kibaki kimezimwa, kwa ajili ya Mama Swaleh. Hilo nililifikiria, Rehema, nataka ujue nililifikiria. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mikono ina sabuni. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya kibao.

Ukaniuliza, kwa Kiingereza, "Kijiwashe saa ngapi?"

Nikasema, "Saa nne."

"Sawa."

Nikasikia vidole vyako, pi, pi, pi. Sikugeuka.

Saa nne kwangu ni usiku, wakati mtu mwenye akili zake ameshavua viatu. Kwako nne ni nne. Na kwa kuwa hakuna mtu anayewasha king'ora alfajiri, ukaandika nne ya alasiri. Nani angekulaumu? Nusu yangu niliisema. Nusu yako hakuwepo wa kuisema.

Kesho yake ikawa Alhamisi.

Yaliyotokea jikoni nimeyajua vizuri juzi tu. Mama Swaleh alifungua kwa ufunguo wake. Kibao kikaanza kulia, pi, pi, pi, zile sekunde thelathini za mtu kuweka namba. Mimi sikuwa nimempa namba. Sikuwa nimemwambia hata kwamba kuna king'ora. Niliona aibu kumwambia rafiki wa marehemu mke wangu kwamba nimeweka ulinzi, kama vile namwambia na wewe umo. Basi yeye alidhani ni friji yetu inalia. Akaifunga mlango mara mbili, akaigonga na ubavu. Kisha king'ora chenyewe kikapasuka, naye akatoka nje na sufuria mkononi, kwa sababu, alivyoniambia, hakutaka kuweka chakula ndani ya nyumba inayopiga mayowe.

Jirani wetu wa mbele, yule mzee mwenye koleo jekundu la theluji, alipiga simu. Polisi akaja. Alikuwa mpole, Mama Swaleh mwenyewe anakiri. Akamuuliza, hii ni nyumba ya nani?

"Ya Baba Rehema."

Jina lake?

"Baba Rehema."

Akaangalia barua zilizokuwa kwenye sanduku letu. Hakuna Baba Rehema. Miaka sita amekula kwetu na sisi kwake, na hakuwahi kuhitaji jina langu lingine.

Jirani akatoa namba yangu. Mimi niko ghalani, mashine za kunyanyulia mizigo zinapita huku na huku, nimebana simu kwa bega. Sauti ya kizungu ikasema, kuna mwanamke nyumbani kwako, anaitwa Zuhura, akataja na jina la baba yake. Unamfahamu?

Nikasema, "Hapana. Simjui mtu wa jina hilo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mimi nilikuwa namjua Mama Swaleh. Zuhura sikuwa namjua. Na yule polisi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, simu yake ina sauti kubwa, na Kiingereza cha namna hiyo Mama Swaleh anakisikia vizuri.

Aliyemwokoa ni yule mzee wa koleo jekundu, aliyesema kwamba mama huyu huja kila Alhamisi na sufuria. Mtu ambaye hajawahi hata kusalimiana naye alimjua. Mimi niliyekula mbaazi zake nilisema simjui.

Uliporudi ulikuta sufuria kwenye ngazi na ufunguo juu ya kifuniko. Mbaazi zilikuwa zimeganda. Nilizipasha, ukasema zina ladha ya barafu.

Haya sasa ndiyo niliyokalia kiti hiki kuyaandika. Jioni ile nilimpigia simu Mama Swaleh. Nilikuwa naweza kumwambia kweli. Nilikuwa naweza kusema, nilisahau una jina. Nikasema, "Samahani, mtoto alikosea saa." Akasema, "Haya," akakata. Nilipogeuka nikakuona umekaa kwenye ngazi, umekumbatia magoti. Ukainuka, ukapanda juu.

Tangu siku ile, kila nikikutajia saa unaniuliza, "Asubuhi au usiku, Baba?" Hata filamu. Hata misa ya Krismasi. Unauliza polepole kama mtu anayekanyaga barafu nyembamba. Miaka miwili nimekusikia ukiuliza hivyo, nami nimejibu tu, asubuhi, usiku, kana kwamba ni swali la kawaida. Umeamini kwamba kidole chako ndicho kilichomfukuza Mama Swaleh. Si kweli, mwanangu. Kelele mtu husamehe. Hakuondoka kwa sababu ya king'ora, aliondoka kwa sababu alisikia sauti yangu ikimkana. Hilo hukulijua kwa sababu sikukuambia. Saa ilikuwa kosa langu, jina lilikuwa kosa langu, na kukutupia wewe lilikuwa la tatu, na ndilo kubwa.

Unajua baada ya pale nilifanya nini? Niliongeza macho. Kweli, unakumbuka. Moja juu ya tundu la hewa ya moto, hita ikiwaka pazia linacheza, pazia likicheza nyumba nzima inalia. Moja gereji, ambako baridi ilikuwa inakula betri kila mwezi wa kwanza. Watu wa kwaya wakawa wanapiga simu kwanza wakiwa kwenye gari, hawashuki. Nyumba ikawa salama kabisa. Hakuna aliyeiba kitu, na hakuna aliyeleta kitu.

Juzi Jumanne niliomba ruhusa kazini nikaenda dukani kwake, Minneapolis. Usiniulize kwa nini sikwenda mapema. Nilikuwa nakwenda kila wiki, nafika kwenye maegesho, nakumbuka kwamba gari linahitaji mafuta. Lakini unaondoka. Nilijua nikikuacha uende na kosa langu begani, Saint Paul itakuwa mbali kuliko Japani.

Alikuwa anapinda pazia, pini mdomoni.

"Hodi," nikasema.

Akanitazama. Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kijimto. "Wewe nani?"

"Mama Swaleh, ni mimi."

"Mimi nani? Huku watu wana majina. Polisi alinifunza."

"Erasto."

"Erasto nani?"

Nikamtajia mpaka la babu.

"Haya, Erasto. Mimi Zuhura binti Omari. Wanijua?"

"Nakujua."

"Una hakika?"

Rehema, alilisema neno kwa neno, na kwa Kiingereza, kama yule polisi. Nikasema nina hakika. Nikasimama na kofia mkononi. Akasukuma kiti kwa mguu, sio kwa mkono, kwa mguu, nikakaa.

"Ukasema mtoto alikosea," akasema.

"Nilimsingizia."

"Nalijua. Lau angekuwa ni yeye, ningerudi Alhamisi ya pili. Mtoto akikosea, mtu harudishi ufunguo." Akachukua mkasi, akaukata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. "Hajambo?"

"Hajambo. Anahama Ijumaa."

"Anahama! Na mimi sijaambiwa?"

"Ndiyo nimekuja."

"Ahamia wapi?"

"Saint Paul. Peke yake. Tumemnunulia king'ora."

"King'ora!" Akajipiga mapaja kwa viganja vyote viwili mpaka mama aliyekuwa anachagua vitambaa akageuka. "Shemeji, wewe hukomi?"

Shemeji. Nilikuwa sijaitwa hivyo miaka miwili. Nilitaka kuruka juu ya cherehani.

Nikamweleza. Nikamwambia kile cha nyumbani kina namba za watu sita, na miaka yote hii tumetumia mbili. Nataka ya tatu iwe yake, achague mwenyewe tarakimu nne.

"Mimi hata ya simu yangu siikumbuki."

"Chagua usiyoweza kuisahau."

Akafikiri. Akatabasamu, tabasamu baya, unalijua, lile la kukuibia karata. "Andika moja, sifuri, tatu, sifuri."

"Maana yake?"

"Saa kumi na nusu. Saa mliyonifukuza. Na usinigeuzie kwa kizungu."

Nikaandika. Nikaweka ufunguo juu ya pazia alilokuwa analipinda. Nikamwambia Alhamisi nitakuwa nyumbani, mlango umefungwa na king'ora kimewashwa, na sitamfungulia.

"Mbona hunifungulii?"

"Nikikufungulia mimi, utakuwa mgeni."

"Na nikikosea namba?"

"Kitalia. Nitatoka nisimame nawe kwenye theluji mpaka polisi aje, nimtajie jina lako mpaka la babu."

Hakuugusa ufunguo. Akarudisha pini mdomoni, akasema kupitia kwenye pini, "N'taona."

N'taona ya Mombasa unaijua. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa kiama.

Basi Alhamisi ndiyo hii. Namba yake nimeshaiingiza. Saa tisa nimekiwasha, milango tu, macho ya ndani nimeyazima ili nisijikamate mwenyewe nikienda kuchemsha chai. Na zile sekunde thelathini za kuweka namba nimezifanya sitini. Hili nalo nilijifunza kwa kukosea: walioandika thelathini hawajawahi kuingia nyumbani mwezi wa pili na glavu, buti lina theluji, na mfuko wa mboga mdomoni. Na chako tuweke sitini. Mwizi hatazifaidi hizo thelathini za ziada. Atakayezifaidi ni mtu aliyekuletea kitu, mikono yake imejaa.

Zile namba sita zako, usianze na mimi. Anza na yule dada anayeishi juu yako. Mwambie jina lako lilivyo kwenye barua, na lile unaloitwa nyumbani, na umuulize ya kwake yote. Ukijisikia vibaya kumwambia mtu kwamba una king'ora, mwambie siku hiyo hiyo. Na moja mpe mtu atakayeingia siku ambayo hutaki mtu aingie. Siku hizo zipo. Mimi nilikuwa nazo nyingi, na vikombe vyangu vilioshwa, na sikujua ni nani alikuwa ananishikilia mpaka nilipobaki na vikombe vichafu.

Sasa ni saa kumi na robo. Mara mbili nimesimamisha kalamu kwa ajili ya gari, mara mbili limepita. La kwanza lilikuwa la barua. Chai imepoa. Asipokuja, nitakuambia kweli hapa hapa, wala sitaongeza macho.

Nimerudi. Kalamu ni ileile.

Nilisikia ufunguo. Kwanza ulikosa tundu, ukakwaruza, ukaingia. Mlango ukafunguka, kibao kikaanza, pi, pi, pi. Nilishika meza kwa mikono miwili ili nisiinuke. Nikahesabu. Kumi. Kumi na tano. Hakuna kitufe.

"Ngoja, wewe! Navua glavu!"

Alikuwa anakiambia kibao.

Ishirini na tano. Kitu kizito kikawekwa sakafuni. Kitufe kimoja. Thelathini, Rehema. Thelathini ikapita, na nyumba haikupiga mayowe. "Moja, sifuri," nikamsikia, "sasa tatu yenyewe iko wapi? Ah, hii. Na nyamaza, nakuja!" Arobaini na moja, nikasikia kitufe cha mwisho.

Kikanyamaza. Sijawahi kusikia nyumba hii ikinyamaza namna ile.

"Hodi!" akasema, akiwa ameshaingia.

Hakunisubiri, akajijibu mwenyewe: "Karibu, Mama Swaleh. Ahsante, shemeji, nishakaribia." Akapita na sufuria kwenda jikoni. Niliangalia saa ya ukutani. Saa kumi na nusu, four-thirty.

Sasa hivi ninavyoandika yuko jikoni anakusema. Amefungua boksi la vikombe. Anasema nani alimfunza mtoto kufunga vikombe vimelala ubavu, vitavunjika kabla ya daraja. Anavitoa vyote kwenye magazeti na kuvifunga upya, midomo chini. Ameuliza utarudi saa ngapi. Nikasema, "Saa kumi na mbili, six." Limetoka lenyewe. Akaacha kikombe alichokishika, akanitazama, nami nikamtazama, na wote wawili tulijua ni sauti ya nani. Akarudi kwenye vikombe vyake.

Anakuja nasi kesho. Ameshasema atakaa mbele, mimi nikae na godoro. Anataka namba kwenye boksi lako pia, na tarakimu anazo tayari, unazijua.

Saa ya king'ora chako sijaitengeneza. Ukikiwasha utaona sifuri nne zinapepesa. Utaitengeneza wewe, kwa kidole hicho hicho, na mimi nitakuwa nimesimama kando yako, mikono mikavu, nakiangalia kibao. Ukiniuliza saa ngapi, nitakujibu mara mbili.

Tunaondoka kesho saa nne asubuhi, ten.

Ni mimi baba yako, Baba Rehema, jina langu Erasto.